ASKARI WA RISASI JUU YA MEZA

Ndugu wasomaji, liko swali moja ambalo kwa mara ya kwanza laonekana kuwa la watoto, lakini mtu akilitazama sana aona ya kuwa lina kina. Nalo ni hili: Je, yafaa mtu mzima, mwenye akili timamu na moyo mwema, kujipatia furaha kwa kucheza vita? Hatusemi kupigana ngumi wala kurushiana mawe. Twasema habari za mchezo ulio mkubwa sana huko Ulaya na Marekani, ambao watu huweka askari wadogo wa madini juu ya meza, majeshi mawili yakielekeana, wakavirudia kwa kanuni vita vilivyopiganwa zamani, kama vile vya Waterloo mwaka 1815, au vya Cannae, mahali Hannibal alipowashinda Warumi mwaka 216 kabla ya Kristo. Wanaocheza si watoto. Wengi ni baba wa nyumba, na mababu wamo.

Huenda mwalimu mmoja atauliza: Habari hii yatuhusu nini sisi? Twamwomba avumilie kidogo, maana kabla ya kumaliza tutafika Tanga.

Kwanza yafaa tueleze mchezo wenyewe, kwa kuwa jambo lisilojulikana haliwezi kuamuliwa. Askari mmoja kimo chake ni kama milimita 28, yaani urefu wa pingili moja ya kidole gumba. Wengine hupenda wadogo zaidi, wa milimita 15, na wako wapendao wa milimita 6, ambao mtu mwenye macho mabovu asiwaguse. Askari huyu hununuliwa hana rangi, ni madini matupu. Mnunuzi mwenyewe ndiye ampakaye kwa brashi nyembamba: koti, vifungo, mkanda, buti, uso, hata nyusi. Na kabla hajapaka hana budi kusoma, maana lazima ajue kikosi hiki mwaka ule kilivaa kola ya rangi gani, na kama viatu vyao vilikuwa vizima au vimekwisha kuchakaa njiani. Hivyo mtu ambaye shuleni alichukia hesabu za miaka na wafalme, sasa asoma mpaka usiku wa manane kwa ajili ya kola moja. Kisha hutengeneza nchi: vilima vya mbao laini, mto wa rangi, miti ya sponji, nyumba za karatasi nene, ua wa shamba wa vijiti. Kazi hiyo yaweza kuchukua miezi. Mkewe, ambaye meza ya chakula ni yake, avumilia.

Ndipo waalikanapo. Kila mmoja hupeleka watu wake kwa zamu, akipima mwendo kwa rula au utepe, ili mwenda kwa miguu asimpite mwenye farasi. Bunduki zikilia, hutupa dadu, na kanuni husema wangapi wameanguka. Walioanguka huondolewa mezani. Saa tatu nne zapita hivyo. Mwisho hupeana mikono, wanywa chai, na kuanza kubishana kwa nini yule aliyeshindwa alishindwa, na ubishi huu, twasikia, ni nusu ya raha yote.

Neno dadu litawashtua wazee wengine wa kanisa, maana kwetu dadu na fedha vimetembea pamoja siku nyingi. Lakini katika mchezo huu hapana fedha inayowekwa. Dadu husimama mahali pa yale yote ambayo jemadari hawezi kuyaamuru: ukungu, baruti iliyolowa, mjumbe aliyepotea njia, hofu inayowaingia watu mia kwa dakika moja. Mitume walipiga kura, na askari chini ya msalaba walipiga kura. Ubaya haukuwa katika kura yenyewe.

Sasa turudi kwenye asili yake, maana hapa ndipo swali letu linapoanza kuwa zito. Mchezo huu haukuzaliwa katika chumba cha watoto. Mwaka 1812 mtu mmoja wa Prussia, Bwana Georg Leopold von Reisswitz, alimpa mfalme wake meza iliyotengenezwa vizuri, yenye vipande vya nchi vya kupangwa na kupanguliwa, ili vita vichezwe juu yake. Meza hiyo yaliwekwa jumba la kifalme. Mwanawe, ofisa wa mizinga, aliutengeneza upya, akauandikia kanuni mwaka 1824, na mkuu wa maofisa wa jeshi lile, Jenerali von Müffling, alipouona aliupenda hata akaagiza majeshi yajifunze kwa huo. Basi ulikuwa chombo cha kufundishia watu kuua watu kwa akili zaidi. Kwa upande mwingine palikuwa na mafundi wa Nürnberg waliokuwa wakisubu askari bapa wa bati kwa ajili ya watoto tangu karne ya 18, na baadaye William Britain wa London, ambaye mwaka 1893 alianza kusubu askari wenye uwazi ndani, wasiokula risasi nyingi, na kwa hiyo wakawa rahisi kununua. Hapa lugha yetu yasema jambo la kufikiriwa: sisi twaita risasi ile madini, na twaita risasi kile kinachoua. Neno moja kwa askari wa mezani na kwa kilichomwangusha askari wa kweli.

Aliyewatoa askari hawa katika kambi na kuwatia sebuleni kwa kitabu chenye sifa ni mwandishi Mwingereza H. G. Wells. Kitabu chake kilitoka mwaka 1913, chaitwa Little Wars, yaani Vita Vidogo. Yeye na rafiki zake walipiga magoti sakafuni, watu wazima wenye masharubu, wakirusha vijiti vya mbao kwa mizinga ya springi na kuangusha askari wa Bwana Britain. Kanuni zake zilikuwa nyepesi: mwenda kwa miguu asogea futi moja, mpanda farasi futi mbili. Na mwisho wa kitabu alileta hoja yake, ambayo twaieleza kwa maneno yetu. Alisema vita vidogo ni bora kuliko vita vikubwa, kwa kuwa havivunji mji wala mwili. Na tena kila achezaye ataona upesi jinsi vita vilivyo jambo la fujo na makosa, hata mikononi mwa watu wenye akili, naye hatatamani vile vya kweli.

Hoja ni nzuri. Lakini mwaka 1914 ukafuata. Na Wells mwenyewe, mwaka ule ule, aliandika kuvitetea vita vile kwamba vitakuwa vita vya kukomesha vita vyote. Basi sisi hatuwezi kukubali kwamba mchezo huu ni dawa ya vita. Wachezao wasijisifu kwa hilo. Meza ya Reisswitz ilifundisha maofisa, na sakafu ya Wells haikuwazuia wafalme. Yeyote atakaye kuuhesabia mchezo haki, autafutie sababu nyingine.

Na je, kinyume chake ni kweli? Je, mchezo huo wafanya moyo kuwa mgumu? Mara nyingi tumesikia mahubiri yaliyosema hivyo juu ya michezo mingi, hata juu ya bao. Mchezaji wa bao husema amemla mwenzake, amemmaliza, hana kitu, na hapana aliyekufa, nao waenda nyumbani kwa njia moja. Sisi twatazama watu wenyewe. Bwana Donald Featherstone, ambaye kitabu chake War Games cha mwaka 1962 kiliwaleta watu wengi sana katika mchezo huu, alikuwa askari wa vifaru katika Vita vya Pili vya Dunia, na maisha yake yaliyosalia aliyatumia katika kazi ya kunyosha viungo vya watu walioumia, na kati yao wachezaji wa mpira wa Southampton. Brigedia Peter Young alikuwa Dieppe mwaka 1942 na Normandy mwaka 1944, akapewa nishani kwa ushujaa zaidi ya mara moja. Naye pamoja na mwenzake aliandika kitabu cha kanuni, Charge!, mwaka 1967, nacho ni cha majeshi ya karne ya 18, wenye makoti ya rangi na kofia za pembe tatu. Hawa hawakuwa watu wasiojua risasi hufanya nini. Walijua kuliko sisi. Wala hatuoni ya kuwa mioyo yao iligeuka kuwa mawe kwa kucheza. Labda mtu aliyekwisha kuona fujo ya kweli apata pumziko katika vita ambavyo vyaweza kusimamishwa ili chai inywewe.

Twasema tena ya kwamba mchezo huu wakusanya watu. Katika klabu moja utamkuta daktari na mwendesha lori wakiinama juu ya kilima kimoja cha mbao, na jioni ile yule wa lori ndiye jenerali. Kila mwaka tangu 1972 isipokuwa miaka michache, huko London hufanyika mkutano mkubwa uitwao Salute, ambao watu huleta meza zao, na apendaye kuuliza huulizwa aketi acheze. Mtu mpweke, asiyejua la kusema mbele ya wageni, hapa ana la kusema, maana mkononi ana kitu alichokifanya mwenyewe. Jambo hili si dogo katika miji ile ambayo jirani hamjui jirani. Wala si geni kwetu. Mababu zetu wa pwani, na baadaye wa bara, walikuwa na ngoma ya beni, wakivaa sare, wakipeana vyeo vya jeshi, Marini kwa Arinoti, wakishindana kwa gwaride na tarumbeta. Wamisionari wengi waliichukia na serikali iliishuku. Lakini mwenye cheo cha beni alipougua au kufiwa, wenzake wa beni ndio waliochanga. Yafaa wazee wetu walikumbuke hilo kabla ya kukataa mchezo wa watu kwa kuwa umevaa nguo za vita.

Liko jambo jingine lisemwalo na wenye mashaka, nalo lastahili jibu. Katika vita vya miaka ya 1939 hata 1945, lazima mmoja achukue upande wa Wanazi, maana hapana mchezo wa upande mmoja. Je, huyu ametenda vibaya? Sisi twajibu kwa mfano wa nyumbani. Siku za Pasaka vijana wetu wakiigiza mateso ya Bwana, mmoja hana budi kuwa Pilato na mwingine Yuda, na hatuwafukuzi katika ushirika. Wala hatusemi kwamba aliyeigiza vizuri ana moyo wa Yuda. Lakini kijana ambaye kila mwaka aomba awe Yuda, na nyumbani ajishonea mfuko wa fedha, huyo mzazi wake amwangalie. Kadhalika mezani. Kuongoza upande mwovu kwa jioni moja ni kazi ya mchezo. Kuyapenda yale mavazi meusi na zile alama za mafuvu, na kuyapaka kwa mapenzi yasiyo na swali, ni jambo jingine. Wachezaji wenye busara wanalijua, na wako wasiokubali kabisa vikosi vya aina hiyo viwekwe juu ya meza zao. Twawasifu.

Lakini swali lililo gumu kuliko haya yote ni hili: wafu waruhusu? Achezaye Cannae hamlizi mjane. Wale Warumi, makumi ya maelfu, hawana mtoto wala mjukuu awakumbukaye kwa jina. Basi je, iko hesabu ya miaka ambayo ikipita, kilio hugeuka kuwa mchezo? Watu wengine wasema miaka mia, wengine wasema mpaka afe shahidi wa mwisho. Sisi twaona kwamba miaka haitoshi kuwa kipimo. Kipimo ni kama wale waliokufa wametendewa haki katika kukumbukwa. Aliyekwisha kuandikwa, kuzikwa na kuliliwa, aweza kuwekwa juu ya meza bila kudhulumiwa. Asiyehesabiwa bado, yeye kwanza ahesabiwe.

Mfano mkubwa wa jambo hili ni Bwana William Siborne, ofisa Mwingereza. Mwaka 1830 alipewa kazi ya kutengeneza mfano wa uwanja wa Waterloo. Alikaa miezi katika shamba la La Haye Sainte akiipima nchi ile, akawaandikia maofisa waliosalia, akiwauliza kila mmoja alisimama wapi saa ile ya jioni na aliona nini. Mfano ukamalizika mwaka 1838, ukaonyeshwa London, nao una sanamu zaidi ya 70,000 ndogo sana. Hata leo uko katika jumba la makumbusho ya jeshi katika mji huo. Lakini Siborne aliweka Waprussia wengi uwanjani, karibu na Wafaransa, kama alivyoelezwa kwamba ndivyo ilivyokuwa. Mkuu wa majeshi ya Waingereza siku ile, Duke wa Wellington, hakupendezwa, kwa kuwa ushindi ulionekana kuwa wa watu wawili. Siborne alisumbuliwa, akaingia katika deni, na mwisho akawaondoa Waprussia makumi ya maelfu kutoka katika mfano wake. Fikirini, ndugu: sanamu zisizozidi ukucha, nazo zilimtia mtu katika taabu, kwa sababu zilisema nani alikuwapo. Na mtu aliye mkali zaidi aweza kumwuliza Siborne swali lingine: hao uliowaandikia ni maofisa, je, yule mwenye bunduki, aliyesimama katika matope, ulimwuliza lini?

Basi tumefika Tanga. Vita vya Tanga vya siku za 2 hata 5 Novemba 1914 ni miongoni mwa vile ambavyo wachezaji hupenda kuvirudia, na sababu yaonekana. Waingereza walileta kwa meli watu kama 8,000, wengi wao askari kutoka Bara Hindi. Wajerumani chini ya von Lettow-Vorbeck walikuwa kama 1,000, wengi wao askari Waafrika. Wachache wakawashinda wengi. Na katikati ya mapigano nyuki walitoka mizingani wakawauma watu wa pande zote mbili, hata Waingereza wengine wakaviita vita vya nyuki. Mchezaji gani atayakataa haya? Askari wa Wajerumani na wa King's African Rifles huuzwa kwa sanamu nzuri, na wengine hutia nyuki katika kanuni zao.

Sisi hatuchukizwi na nyuki. Wala hatuchukizwi kwamba mtu wa Ulaya, aliye mbali sana na bahari yetu, ajipatia jioni njema kwa mambo ya Tanga. Twapendezwa hata kusikia kwamba mtu huyo amesoma ili ajue kofia ya askari wa Kijerumani ilikuwaje, na kwamba amejifunza kuyataja majina ya Kahe na Mahiwa. Lakini vita vile havikwisha Tanga. Viliendelea miaka minne, mpaka von Lettow-Vorbeck aliposalimisha silaha Abercorn tarehe 25 Novemba 1918. Na katika nchi ile mbung'o waliua farasi na ng'ombe, magari hayakupita, basi kila ratli ya unga na kila sanduku la risasi lilikwenda juu ya kichwa cha mtu. Waliohesabiwa kufa katika wapagazi wa Waingereza ni zaidi ya 90,000, na wengi hawakufa kwa bunduki. Walikufa kwa kuhara, homa, baridi ya milimani na njaa. Upande wa Wajerumani hesabu haikuandikwa kwa uangalifu kama huo, na wapagazi wao hawakuwa wachache. Wakazi wa Dar es Salaam husema Kariakoo kila siku wakienda sokoni, na jina hilo ni la kikosi cha wapagazi kwa Kiingereza, likitamkwa kwa kinywa chetu. Katika mji ule ule sanamu iliyosimamishwa mwaka 1927 ni ya askari mwenye bunduki. Ile ya Nairobi ndiyo yenye mpagazi pia, amesimama pamoja na askari.

Juu ya meza mpagazi mara nyingi hayupo, au yupo kama alama tu, kitu cha kuonyesha kwamba mzigo uko hapa. Yeye hapigani, na mchezo ni wa kupigana. Twaelewa. Lakini wachezaji hawa wenyewe hujisifu kwa uhakika. Wao ndio wasemao kwamba kola isiyokuwa ya rangi yake ni aibu. Basi twawashika kwa kiapo chao wenyewe. Wakicheza vita vya 1914 hata 1918 katika nchi hizi, na iwe kanuni kwamba kikosi hakisogei siku ambayo wapagazi wake hawakula. Dadu ya mvua na itupwe kabla ya dadu ya bunduki. Na kwa kila askari mstari wa mbele wawekwe wapagazi nyuma yake, si mmoja, mpaka meza ijae na mwenye kucheza aone jinsi jeshi lilivyokuwa kweli: safu ndefu ya watu wenye mizigo, na mbele yao wachache wenye bunduki.

Atakayejaribu ataona shida moja mara aketipo na brashi yake. Kwa ofisa atapata kitabu, na katika kitabu ukurasa mzima wa vifungo. Kwa mpagazi atatafuta sana. Atakuta blanketi, mzigo wa ratli kama 50, miguu mitupu, na kibati kidogo chenye namba.